Mtihani Hausalimiwi

Nilikuwa hotelini Bulla Pesa nikingoja chapati, na masikio yangu mnayajua, hayana adabu. Meza ya pili alikaa mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia, pamoja na mwalimu wake. Mama anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, maana bila Kiingereza chuo cha uuguzi hakimchukui. Alikuwa amepewa kifungu cha Kiingereza kuhusu mzee aliyepoteza mbuzi kwenye mafuriko, akifupishe.

Mwalimu alisoma, akavua miwani. "Mama, samari yako ni ndefu kuliko kifungu! Nani amekuambia uulize kama watoto wa huyo mzee ni wazima, na kama huko kuna nyasi?"

"Sasa mwalimu, nitangaze mbuzi wamekufa kabla ya kujulia watu hali? Kwani mimi ni polisi?"

"Mtihani hausalimiwi, mama. Ukiandika hivi unaanguka."

Mama akasukuma kikombe, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mafuriko yalibeba mbuzi, mzee akahamia mlimani. Halafu akarudi kwa Kiswahili, sauti juu: "Na mwalimu hajaoa kwa sababu anaanza na habari kabla ya salamu."

Hoteli nzima ilicheka. Mwalimu akaitikia kwa kichwa: samari ile ya Kiingereza imepita. Ile ya kutooa hakuisahihisha. Lakini msichana wa chai alipokuja, mwalimu alimuuliza kwanza mama yake mzazi anaendeleaje, na nyumbani, na mvua.

Chapati zangu zilikuwa tayari kitambo. Nani angeondoka?