Cheti cha Mdogo Wake Ukutani

Saa tatu asubuhi Nasriya anafungua duka la intaneti nyuma ya soko la Matrah, mji wa bandari wa Kiarabu. Anawasha kompyuta tisa, moja baada ya nyingine, kisha anapangusa vibao vya herufi kwa kitambaa. Cha kompyuta ya nne anakipangusa kwa hasira.

"Hapa ndipo alipokaa yeye," anasema.

Yeye ni mdogo wake, mwanafunzi wa chuo Marekani. Jina la Nasriya tumelibadilisha kwa ombi lake. La mdogo wake hakutaka hata kulitamka.

Nasriya ana miaka ishirini na sita, mshahara riali tisini kwa mwezi. Alimaliza sekondari kwa alama nzuri, lakini baba yake alisema mtoto wa kike hapandi ndege peke yake. Miaka saba baadaye akapanda wa kiume, na alama zake za kuokoteza.

"Nna wivu, sikufichi," anasema.

Kiangazi cha mwaka huu wa 2005, kijana alirudi likizo na siri. Polisi wa huko walimkuta na bia kwenye sherehe, naye ana miaka kumi na tisa. Sheria yao inataka ishirini na moja. Hakimu akamwamuru asome somo la madhara ya pombe, la muda wa saa nane kwenye intaneti, na cheti kifike mahakamani kabla ya Julai kwisha. Kisipofika, chuo basi.

Nyumbani hakuna kompyuta. Akaja kwa dada yake, akamwapisha asiseme. Mama akaambiwa mtoto anasoma kozi ya Marekani.

Mama hajui Kiingereza. Alichojua ni kumpikia msomi wake.

"Miaka mitano niko hapa, sijaletewa hata kipande cha mkate wa kumimina," anasema Nasriya. "Yeye kila mchana anaitwa akale wali wa nguru."

Somo lenyewe lilikuwa na masharti: kipanya kisipoguswa dakika kumi, sura nzima inaanza upya. Siku ya tatu kijana akaitwa kula.

"Dada, nishikie hiki, nnarudi sasa hivi."

Nasriya akakaa. Mikono akaiweka mapajani, akaitazama saa ya ukutani mpaka sura ikajifunga.

"Nikamwambia mtandao umekatika, akaamini. Mungu anisamehe, nilisikia raha."

Raha haikufika alasiri. Muda ulikuwa unaisha kesho yake, na kijana aliinamia meza akalia. Damu nzito kuliko maji: Nasriya akavuta kiti, akakaa naye hadi swali la mwisho, akamchapia cheti, nakala ikaenda mahakamani kwa faksi.

Mama alipouona ule muhuri wa dhahabu, alikipeleka kutiwa fremu. Sasa kinaning'inia majlisi, kinafukizwa udi kila Ijumaa, na hakuna mgeni anayetoka bila kuonyeshwa.

"Siku moja kaniuliza mbele ya majirani: 'Mwenzio likizo tu kapata cheti. Chako ki wapi?'"

Wiki ile ile akajiandikisha masomo ya jioni ya ualimu wa kompyuta, huko Ruwi. Mtihani ni Desemba, na fremu ameshanunua, kubwa kuliko ile.

"Siku hiyo ntamkalisha mama majlisi, nimsomee vyote viwili kwa Kiswahili," anasema, akikunja kitambaa. "Changu kwanza."