Yule Aliyebaki Akichuma

Siku wageni walipokuja shuleni kueleza kazi zao, darasani walikuwamo wasichana wa darasa la saba na la nane, mwalimu mkuu, akina mama wachache waliotoka moja kwa moja shambani, na wageni watatu kutoka Kericho mjini: muuguzi, karani wa benki na mwonjaji wa chai kiwandani. Mdogo wangu alikaa dawati la nyuma. Mimi nilisimama mlangoni na kikapu changu cha kuchumia chai, kwa sababu wazazi waliitwa, na kwetu mzazi alikuwa mimi. Niliachia shule darasa la sita tulipowazika baba na mama.

Jumapili iliyotangulia mdogo wangu alikuwa ameniambia mwisho wa mwezi anaacha shule tuchume pamoja, maana mgongo wangu ulikuwa unaniuma. Nilimkatalia, lakini nilijua ameshaamua.

Muuguzi alizungumza, karani naye pia. Wasichana walipiga makofi ya adabu. Mwonjaji yeye alieleza kwamba chai huivuta mdomoni kwa kishindo, kisha huitema.

"Nyumbani ningechapwa," alisema. "Kiwandani nalipwa."

Darasa likacheka. Mdogo wangu hakucheka. Aliinua mkono.

"Madam, ukiwa shule, nyumbani kwenu nani alikuwa anachuma?"

Mwalimu mkuu alikunja uso, lakini yule mama mwonjaji alimjibu.

"Dada yangu. Sisi pia tulibaki wenyewe."

"Na hukumhurumia?"

"Nilimhurumia. Siku moja nikaingia shamba la chai na kikapu badala ya kwenda shule. Alinipokonya kile kikapu mbele ya wachumaji wote. Akasema, 'Ukichuma na mimi tutakuwa wawili wenye mgongo mbovu. Nani atanipeleka hospitali?'"

Akina mama wakaangua kicheko, na mmoja akanisukuma kwa kiwiko. Mdogo wangu aligeuka kunitazama mlangoni. Nilijishughulisha na kamba ya kikapu.

Jioni, nikikoroga kimyet, ugali wetu, aliniambia bila kuinua macho kutoka kwa kitabu, "Dada, mwisho wa mwezi usiniamshe twende chai. Niko na hesabu."

Nilisema sawa. Kisha nikatoka nje nikaenda kusimama peke yangu nyuma ya nyumba. Usiku ule nililala kama mtu aliyeteremshiwa gunia.

Alifanya mtihani, akaendelea, na leo ni yeye anayenipeleka kwa daktari wa mgongo.

Siku ile ya wageni, kabla hawajaondoka, nilikuwa nimemuuliza yule mwonjaji dada yake anaishi wapi. Alisema Merigi, bado anachuma. Kwetu mtu ambaye maneno yake yamekubakishia mdogo wako shuleni humtumii salamu tu. Unampelekea mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, kwa mkono wako, mkae, mnywe pamoja. Nilimwambia amwambie dada yake nakuja.

Kutoka kwetu hadi Merigi si mbali. Yule mwonjaji alihamishwa, na mimi kila mwaka nilikuwa na la kufanya. Dada yake sijamwona hata siku moja, na maziwa yake bado sijampelekea.