Foleni ya Kisima cha Kanga

Sisi tuliokulia Kanga kabla ya mabomba, maji tuliyajua kwa shingo. Ndoo kichwani, kata ya kifuu ya kuchotea mkononi, mchanga unakuunguza nyayo, na bado unaimba. Watoto wa leo bomba likikohoa kidogo tu, wananuna kutwa nzima!

Kisimani palikuwa na amri moja: foleni. Neno hilo alituletea Babu Makame, mdogo wake babu yangu, aliyekuwa askari zama za mkoloni. Alituambia kuwa kule jeshini Mzungu akilipigia ukelele, kila mtu hukimbilia nafasi yake mstarini, awe mnene awe mwembamba. Nasi tukalipachika kila mahali: foleni ya kunawa kabla ya ubwabwa wa maulidi, foleni ya kumwamkia bibi siku ya Idi, shikamoo, marahaba, kashata mkononi. Kisimani ulilaza kata yako chini, ikakushikia zamu hata ukienda kucheza rede. Kuruka kata ya mwenzio ilikuwa aibu. Ungeitwa mroho mpaka siku ya kuolewa.

Kiangazi kimoja mama alishikwa na uchungu asubuhi, na mtungini hamna hata tone. Mkunga akanipa ndoo. "Mbio, mwanangu!" Nikafika, nikakuta kata tisa mbele yangu, na kisima kimeshaanza kutoa tope. Niliogopa, wallahi. Nikaziruka zote, nikalaza yangu mbele. Babu Makame, aliyekuwa akisimamia foleni, akanidaka sikio.

"Wee! Rudi nyuma! Foleni haijui mtoto wa nani!"

Nikarudi huku nalia kwa sauti kwamba mama anajifungua. Babu akazitazama zile kata, kashikwa na amri yake mwenyewe. Ndipo Mwanaidi, shoga yangu, aliyekuwa wa kwanza, alipokuja akaokota kata yangu, akailaza pale palipokuwa yake. Ya kwake akaiweka mwisho kabisa. Mstari haukuvunjika. Nikajaza ndoo, nikakimbia bila hata asante. Mdogo wangu akazaliwa salama, alhamdulillahi, na leo ana watoto wanne.

Siku hizi kijana anakupita dirishani zahanati, simu sikioni: "Samahani mama, nina haraka." Haraka ya nini, hasemi. Nami hujisemea moyoni, Mungu aliniweka mahali pazuri nikiwa mdogo.

Mwezi uliopita nilimtembelea Mwanaidi, nikamshukuru kwa mara ya kwanza. Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Maji yaliisha kabla ya zamu yangu," akasema. "Nilirudi na ndoo tupu. Mama alinichapa, shoga, we acha tu!"

Nikashika kifua. "Mbona hukumwambia sababu?"

"Ningemwambia, angekuja kwenu kutaka mgawane naye yale maji."