Mfuniko wa Mama

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Majengo yakajaa tena sufuria zinazometameta, mama alinunua moja yenye mfuniko. Sufuria ikaenda jikoni. Mfuniko ukatundikwa ukutani, usije ukashika masizi, na wageni wauone.

Nilikuwa darasa la sita, na kila Alhamisi sikuonekana shuleni. Mguu wa mama ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo kuni nilizifuata mimi, Jumamosi na Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku iliyojaa hisabati na sayansi, na nilikuwa nimeshaanza kupotea.

Mwalimu wetu alifundisha masomo yote mawili na hakuona mpaka kati yake. Siku moja alituagiza tulete kuni zinazotosha kuivisha sufuria moja ya maharage. Jamani! Kwetu mwalimu akitaja kuni, mzazi anasikia zawadi. Mama alinifungia mzigo wa magogo manene, na wenzangu vivyo hivyo. Kwa vipimo vile, kila nyumba ilikuwa inapikia harusi. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

"Basi twende tukaone zinavyowaka," alisema.

Alikuja kwetu na wanafunzi wachache na mizani ya ndoano.

"Shikamoo, mama. Naomba upike kama siku zote."

Tukapima kuni, tukapima maji, tukahesabu dakika. Kabla ya kuondoka aliomba maharage ya kesho yalowekwe, na mfuniko ushuke ukutani. Aliomba kwa adabu ambayo hadi leo naionea wivu.

"Utaharibika huo, mwalimu," mama alinuna. Lakini akautoa.

Kesho yake, maharage yalipoiva, chaki alinipa mimi, mtoro wa Alhamisi, nipige hesabu kwenye mlango wa jikoni. Nikagawa, nikarudia. Kwa kipimo kile kile cha jana, karibu nusu ya kuni zilikuwa zimebaki.

"Mweleze mama," mwalimu alisema. Kuhusu utoro wangu hakutamka neno, na kwa hilo nampenda mpaka leo.

"Mama, mzigo mmoja kwa wiki unatosha."

Mama aliangalia zile kuni, akazipanga pembeni.

Alhamisi iliyofuata niliamka nikatafuta ngata yangu, kile kitambaa nilichokisokota na kukiweka kichwani chini ya mzigo. Nilimkuta mama jikoni ameikunjua, anashikia mfuniko wa moto, mweusi tii.

"Unatafuta nini?" aliuliza bila kugeuka. "Utachelewa hesabu."