Hita ya Mikumi na Tumbawe la Nyumba Kumi

Mtakaosoma, mnivumilie kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na tahajia yangu ni ya darasa la saba, tena la shule ambayo nusu yetu tulikaa sakafuni. Naandika polepole. Sentensi moja hunichukua muda ambao mwenzangu angekuwa ameshakunywa chai na kuosha kikombe. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo, maana watu wakizidi watatu mimi hutafuta mlango. Nataka kueleza jinsi vifaa vya kutunzia tumbawe hai vilivyochaguliwa pale kwetu Kilosa, nani alivichagua, na kwa akili gani.

Kaka yangu ni gadi wa treni ya mizigo. Anaishi na mkewe kwenye nyumba za reli, na mimi naishi kwao tangu nilipomaliza shule. Shemeji yangu ni mtu wa Tanga. Alipoletwa Kilosa aliitazama milima, akayatazama mashamba ya mkonge, akauliza, "Sasa maji yenu yako wapi?" Kaka akampeleka kuona mto Mkondoa. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga, mahali ambapo maji yalipaswa kuwapo. Kaka akaudhika, akaapa kwamba atamletea bahari mpaka sebuleni.

Na aliileta, kwa treni, ndani ya madumu ya plastiki, kila alipotoka zamu ya Dar es Salaam. Huko alifahamiana na mwenye duka mmoja aliyekuwa na tangi la kioo nyumbani kwake, lenye samaki wadogo na matumbawe yaliyo hai. Mtu huyo alimmegea kaka kipande kikubwa kama ngumi, akampa na samaki wawili, pamoja na maagizo: maji yawe ya bahari, yatoe mapovu wakati wote, na yasipate joto kupita kiasi. Basi. Hakuna alichosema kingine. Kaka akanieleza maagizo hayo kwa sauti ile anayotumia kuwaeleza wapya mambo ya breki, kisha akasema, "Mimi niko njiani kila siku, mdogo wangu. Hiki nakukabidhi wewe."

Sikuwahi kukabidhiwa kitu. Shuleni kazi yangu ilikuwa kufuta ubao.

Tangi tulilitengeneza kwa vioo vya dirisha na vyuma vya pembe, fundi akaziba kwa puti. Pampu ya hewa hatukuwa nayo. Nikatafuta tyubu kuukuu ya lori, nikaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, nikafunga mpira mwembamba kwenye valvu na kuubana kwa uzi mpaka hewa ikawa inatoka kidogo kidogo ndani ya maji. Tyubu ikijaa ilipumua tangu asubuhi mpaka mchana, kisha nikaijaza tena. Ilikuwa na sura mbaya, kama chatu aliyemeza mbuzi na kujilaza chini ya meza. Lakini mapovu yalitoka.

Na tumbawe likaishi. Mwanzoni lilikuwa jiwe la rangi ya sukari guru. Nilipokaa kimya mbele yake, likaanza kutoa vidole vidogo kuliko punje za uwele, vingi, vinavyocheza. Mtu akikanyaga sakafu kwa nguvu, vyote vinaingia ndani. Nililielewa sana. Nililitazama kila siku, na sikutaka kitu kingine duniani ila liendelee kuishi.

Majirani walipoanza kuja, hawakuona kitu, kwa sababu waliingia kwa kelele na tumbawe likajifunga. Mama wa nyumba ya pili akainama, akasema, "Huu si utumbo wa ng'ombe?" Kisha akaona samaki wanamtazama. Akatoka, akarudi na tonge la ugali, akalitumbukiza.

"Mama, wasipewe," nikasema.

"Wageni kutoka mbali wanakutazama mdomoni, wewe hata tonge huwapi? Ninyi watu wa reli mna roho ngumu!"

Alipoondoka nikauchota ugali kwa kijiko. Kesho yake akaja mwingine na maharage. Hakuna aliyeweza kusimama mbele ya mgeni bila kumkaribisha chakula, hata mgeni mwenyewe akiwa na mapezi. Huo ulikuwa ujinga wenye upendo, na kwa ujinga wa namna hiyo kijiko kilitosha. Ule wa balozi ulihitaji zaidi ya kijiko.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu wa kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na sijawahi kumwona akiandika kwa hata moja. Alikuja jioni, kaka akiwa nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akalizunguka tangi mikono ikiwa mgongoni.

"Ndugu Gadi, bahari hii ni ya nani?"

"Ya mke wangu, Ndugu Balozi."

"Mtu mmoja, bahari nzima? Wakati huu wa ujamaa?"

Shemeji akadakia kutoka mlangoni, "Ndugu Balozi, bahari yenyewe ni madebe manne."

"Hata ubepari huanza na madebe manne."

Kaka yangu si mwoga mbele ya treni, lakini mbele ya kalamu mbili ni mwoga. Akasema haraka, "Ni ya nyumba kumi zote, Ndugu. Sisi tunaitunza tu." Shemeji akambetulia mdomo, akaingia ndani. Kwa neno hilo moja kitu changu kikawa cha watu ambao hawakujua kama ni jiwe, mnyama au mboga.

Ikaundwa kamati. Maonyesho ya wilaya yalikuwa yanakaribia, na balozi alitaka nyumba zetu zipeleke tangi. Kamati ikakaa kwenye viti vyetu, ikanywa chai yetu, ikaamua kwamba tyubu ya lori inaleta aibu. "Mgeni rasmi atakuja kuona maendeleo," balozi akasema, "halafu aone tairi?" Ikaamuliwa vitafutwe vifaa vya kisasa.

Kaka alijua vilipo. Kule Mikumi kulikuwa na hoteli ya watalii iliyowahi kuweka tangi la maji ya bahari ukumbini. Kwa nini mtu aliyesafiri kuja kumwona tembo aonyeshwe samaki mdogo kuliko sikio la panya, sijui. Samaki walikufa, na vifaa vikawekwa stoo. Mtunza stoo alikuwa rafiki wa kaka, kwa sababu ya treni ya Kidatu inayopita pale. Akatuma habari kwamba meneja ameruhusu tuchague kifaa kimoja.

Tulikwenda wawili, balozi na mimi. Njia nzima alinifundisha bahari. Alikuwa amefika Dar es Salaam mara moja kwa mkutano, akaingiza mguu majini. "Vuguvugu!" akaniambia. "Kama maji ya kuogea mtoto mchanga. Umenielewa? Bahari ni kitu cha moto." Nje ya dirisha la treni jua lilikuwa linachoma nyasi za Mikumi mpaka zinanukia, na nyumbu wamejibana kwenye kivuli cha mti mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa anajipepea kwa kofia. Lakini hakuona kwamba mambo hayo yanahusiana.

Mtunza stoo alikuwa mkarimu. Akafuta vumbi, akaweka vifaa viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa pampu ndogo ya hewa ya umeme, nyeusi, mbaya kama kiatu. Alipoichomeka ikanguruma, ikapuliza hewa kwenye mpira bila kuchoka. Nusura nicheke kwa furaha. Cha pili kilikuwa hita: bomba la kioo lenye waya uliosokotwa ndani, na kifundo cha kuongezea joto. Akaichomeka pia, akaitumbukiza kwenye ndoo. Kitaa chekundu kikawaka.

Balozi akavua kofia.

"Ipi ilinunuliwa ghali zaidi?" akauliza.

"Hita," mtunza stoo akajibu. "Ila sisi wenyewe tuliitumia wakati wa baridi ya Juni tu. Wakati mwingine haina kazi."

"Ninyi mlishindwa. Mimi naona tangi lenu pale limewekewa viazi."

Nikajikaza. "Pampu," nikasema.

"Nini?"

"Pampu, Ndugu Balozi. Mwenye tumbawe alisema linataka mapovu. Na lisipate joto."

Akacheka, akamgeukia mwenyeji wetu kana kwamba mimi nimefanya mchezo wa kuchekesha. "Kijana, pampu ya baiskeli unayo, na mikono unayo. Ujamaa ni kazi. Lakini joto utalipuliza kwa mdomo?"

Hita ikafungwa kwenye gazeti. Pampu ikarudi rafuni. Niliitazama mpaka mlango ulipofungwa.

Kule nyumbani kamati ilipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mimi sikuwa na kura, kwa kuwa sikuwa mwenye nyumba. Shemeji alisimama peke yake kupinga. "Kwetu Tanga hatupashi bahari moto."

"Kwenu mnayo tayari," balozi akamjibu. "Sisi tunaitengeneza."

Watu wakapiga makofi. Mikono ikainuka, mingine ya watu ambao, naapa, walidhani wanachagua jiko.

Sasa sikieni kilichofuata. Hita ile ilikuwa na akili kuliko kamati. Maji yakifika joto lake, ilijizima. Lakini balozi alikuja kila siku kuangalia kitaa chekundu, na akikikuta kimezimika alisema chombo kimegoma, akazungusha kifundo mpaka kiwake. Akiondoka, mimi nakirudisha. Alipogundua kwamba kuna mtu anapinga uamuzi wa wengi, akaweka zamu. Kila nyumba ilitoa mtu wa kukaa kwenye kiti mbele ya tangi, kazi yake ikiwa kuhakikisha taa haizimiki. Watu wazima walikaa pale, chini ya bati la Kilosa, wakitokwa jasho, wakilinda joto lisipungue.

Nililowesha magunia nikayazungushia kioo yapunguze joto. Yakaondolewa, kwa sababu yalizuia taa kuonekana. Nikajaza tyubu mara mbili ya zamani. Tumbawe likaacha kutoa vidole. Kisha likaanza kupauka, kama khanga iliyofuliwa mno. Samaki mmoja akafa. Wa pili akawa anavuta pumzi juu ya maji, na mwenye zamu akasema anaimba, mpaka naye akafa.

Asubuhi moja mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa wa kwanza kukaa zamu, akapiga kelele: "Jamani, njooni! Limetakata!"

Watu wakajaa sebuleni. Tumbawe lilikuwa jeupe pe, kama unga wa sembe. Balozi akaingia, akaliangalia, na uso wake ukawa wa baba aliyepata mtoto wa kiume.

"Uchafu umetoka," akasema. "Joto limeusafisha. Hivi ndivyo yalivyo yale yanayouzwa Dar. Meupe!"

Shemeji akaja na mwiko mkononi. Akatazama mara moja tu. "Hilo limekufa."

"Mama wa Tanga, acha wivu. Kitu kimependeza hivi unakiita maiti?"

"Kwetu yakiwa meupe hivi tunachoma chokaa."

Wakacheka. Walicheka wote, na mmoja akasema watu wa pwani hawapendi bara ipate kitu. Niliingiza mkono majini. Yalikuwa na joto la uji unaopoa. Nikaligusa. Zamani lilikuwa linateleza chini ya kidole, kama ulimi. Sasa lilikwaruza kama jiwe la kusugulia nyayo.

Kwenye maonyesho lilisifiwa. Mgeni rasmi alisimama mbele yake akauliza kama linakua, balozi akajibu linakua vizuri, na makofi yakapigwa, ya muda mrefu kuliko yale waliyopigiwa wakulima wa Mvumi kwa mahindi ambayo kweli yalikuwa yamekua. Baadaye balozi alilichukua, akaliweka nyumbani kwake juu ya kabati, juu ya kitambaa cha kufuma. Liko hapo mpaka leo. Wageni hulishika, hulipima uzito, na kumwambia ni zuri. Hita anayo pia. Hana maji ya kuitia, lakini anayo.

Kaka aliporudi zamu nilimweleza. Akasema, "Wakiniuliza tena, nitasema ni langu, wanifukuze kazi wakitaka." Shemeji akamwambia angesema hivyo mapema tungekuwa tunatazama samaki badala ya kusikiliza maneno. Yule mwenye duka wa Dar amekubali kutumegea kipande kingine. Safari hii tangi litakaa chumbani kwangu uani, mahali ambapo haiingii kamati wala umeme, na vifaa nitachagua mimi.

Ndiyo sababu ya kuandika. Nawaomba ninyi mnaosoma, hasa mlioko bara kama mimi, mniandikie. Nataka kujua jinsi ya kupoza maji ya tangi miezi ya jua bila umeme, kama mtungi wa udongo uliolowekwa unafaa au unaharibu maji ya bahari. Nataka kujua kifaa gani kitapuliza hewa usiku kucha nikiwa nimelala. Andikeni hata kama mwandiko wenu ni mbaya kama huu. Lakini naomba aniandikie mtu aliyewahi kulitunza tumbawe likaishi, anieleze alitumia nini. Walio na maoni tu, huku kwetu tunao wa kutosha.