Mistari Aliyoiruka Maitu

Kisanduku changu cha kusema kilikuwa na ukubwa wa mkate mdogo na sauti ya mtu mwenye mafua. Mimi sioni tangu utotoni. Kikiunganishwa na kompyuta kwa waya, kilinisomea kila kilichoandikwa kwenye skrini, na hivyo ndivyo nilivyopata riziki. Nilikuwa mchapaji katika ofisi moja katikati ya Nairobi, nikisikiliza kaseti za mikutano na kuzichapa, huku kisanduku kikinirudishia maneno yangu kwa kasi ambayo wenzangu waliiona kama ugonjwa. Nilikipenda. Wao hawakuelewa, lakini watu wanaoona huwa hawaelewi mambo mengi.

Kisha ofisi ikatangaza kwamba kompyuta zote zitawekewa mfumo mpya. Ndani ya mfumo huo kisanduku changu kilikuwa bubu. Hakikuwa na draiva, yaani ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta jinsi ya kuzungumza na kifaa fulani. Bosi wangu, mtu mpole, aliniambia, "Hiyo kitu yako ikikubali kuongea, uko na sisi. Ikikataa, tutaona vile tutafanya." Nilimjua. Maana yake ilikuwa keki, hotuba fupi, na kwaheri.

Ng'ambo kulikuwa na bwana mmoja wa kujitolea aliyeandika draiva za vifaa kama changu. Tulijuana kwa barua pepe tu. Shida yake ni kwamba hakuwa na kisanduku; shida yangu ni kwamba sikuwa na macho. Tukapatana yeye aandike, mimi nijaribu na kumweleza yaliyotokea. Kompyuta za ofisi hazikuruhusiwa kuchezewa, kwa hiyo nilinunua moja kuukuu na kuiweka sebuleni kwa mama, kule Mutuini, pembezoni mwa jiji. Draiva ikikwama, kisanduku hunyamaza, na habari za kukwama huwa zimeandikwa kwenye skrini. Lazima mtu azisome. Mtu huyo alikuwa mama.

Nilimwita maitu, kama wengi wa kwetu wanavyowaita mama zao. Naye aliniita mami, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Kwa hiyo tuliitana mama pande zote mbili, na kila mmoja alitaka kutiiwa.

Maitu alikuwa msomaji kanisani, wa Neno na wa matangazo, na skrini aliisoma vivyo hivyo. Kwanza aliondoa kile kitambaa cha kufuma alichoifunikia kompyuta isishike vumbi. Akavaa miwani, akakohoa kidogo, akasimama. Akasimama kweli, mbele yangu mimi na kuku mmoja aliyeingia bila kukaribishwa.

"Inasema kifaa haijibu," alitangaza, kisha akatulia ili maneno yatuingie.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mami. Kuja unywe chai."

Kila Jumamosi nilitoka chumbani kwangu karibu na Kenyatta Market, kisanduku kikiwa ndani ya kiondo, kikapu changu cha kufuma, pamoja na disketi yenye draiva mpya. Kila Jumatatu nilimwandikia yule bwana kwamba kifaa hakijibu. Alibadilisha hiki na kile, akaomba radhi kwa adabu, na Jumamosi iliyofuata kifaa kikakataa tena. Wiki zilikuwa zinakwisha.

Maitu hakuficha alichokitaka. Alikuwa na nyumba za kupangisha nyuma ya boma, na ile ya kona aliwanyima wapangaji. "Maji iko ndani," alinikumbusha kila nilipofika. "Huko taoni unatafutanga nini? Si ukuje tu hapa nikuangalie." Nilijifanya kucheka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepigana miaka mingi ili nilipe kodi yangu mwenyewe na kuunguza ugali wangu mwenyewe. Nilimpenda mama yangu, na niliogopa sana kurudi kuwa mtoto wake. Nikaanza hata kushuku kwamba anaisoma skrini kwa jinsi inayomfaa.

Jumamosi moja nikashindwa kujizuia. "Maitu, skrini yote hiyo kubwa ina sentensi moja tu?"

"Aai, hapana. Imejaa mpaka chini."

"Imejaa nini?"

"Si ni hiyo hiyo tu. Kifaa haijibu, kifaa haijibu. Wamerudia rudia, nikairuka. Kwani nikusomee yote kama wimbo? Hata kanisani, tangazo likiandikwa mara mbili huwa nasoma mara moja. Watu wanachoka."

Nilicheka mpaka kuku akatoka. Wiki zote hizo bwana wa ng'ambo alikuwa akihangaika gizani kwa sababu ya adabu ya mama yangu. Alipopata habari za mistari iliyojirudia, alielewa mara moja. Kompyuta ilikuwa ikikiuliza kisanduku swali, na kabla hakijajibu inauliza tena, kama mgeni anayegonga mlango mfululizo nawe bado unatafuta ndara. Kifaa hakikuwa kikaidi, kilikuwa hakijapewa nafasi. Akaandika draiva yenye subira kidogo.

Niliileta Jumamosi ya mwisho kabla ya ofisi kubadilisha mfumo. Niliingiza disketi, nikachapa amri, nikangoja. Kisanduku kikawa kimya. Maitu hakukohoa.

"Imeandika nini?" nikauliza.

Alikawia. "Leo inauliza."

"Inauliza nini, maitu?"

"Kama unataka itoe ile ya zamani, iweke hii mpya. Ati Y ni ndio, N ni hapana." Nilimsikia akivuta kiti na kuketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa kusoma. "Na ukisema hapana?"

"Basi hakuna draiva. Nitarudi hapa, kwa ile nyumba ya kona."

Nilimsikia akiifuta miwani. Ndipo iliponijia kwamba angeweza kuniambia kifaa hakijibu, kama Jumamosi zote, nami ningeizima kompyuta na kwenda kunywa chai. Hakuna mtu yeyote duniani ambaye angejua. Nilimwonea haya kwa kumshuku, na nilimwonea huruma pia.

Alinishika kidole, akakiweka juu ya Y. Mimi, niliyechapa miaka yote hiyo kwa kupapasa! Siku nyingine ningemwambia aniachie vidole vyangu. Siku hiyo nilibonyeza.

Kisanduku kikakwaruza kidogo, kisha kikaanza kusoma skrini kutoka juu, mstari kwa mstari, bila kuruka hata mmoja. Nilipiga makofi, nikaruka kama mtoto, nikamkumbatia maitu na miwani yake. Alikuwa ametulia, anasikiliza.

"Inasoma vibaya," alisema. "Haipumziki."

"Nitaizoesha."

"Basi umeenda, mami. Sasa Jumamosi utakuwa unakuja kufanya nini?"

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilimwomba chai.