Banatutosha

Nimezunguka Ulaya zaidi kwa kufuata filamu kuliko kufuata kazi. Kazi nilipata, kwa sababu tumbo halina likizo: nimeosha vyombo Marseille, nimepakia maboksi Leipzig, nimefagia stesheni Lisbon. Lakini kilichonifikisha katika miji hiyo kila mara kilikuwa tangazo dogo lililobandikwa dirishani kwenye mkahawa, kwamba wiki ijayo zitaonyeshwa filamu za maisha ya watu halisi, karibuni.

Mapenzi hayo nilitoka nayo Tanga. Nyuma ya soko la kwetu kulikuwa na kibanda cha video, na pembeni ya televisheni aliketi kaka mmoja mwenye maikrofoni, akitutafsiria filamu za Kichina ambazo hata yeye hakuzielewa. Aliwapa wahusika majina ya watu wa mtaani. Jambazi akipigwa ngumi, tuliambiwa analipia kuku wa jirani. Tulijua anatunga, na tulimpenda kwa kutunga kwake.

Huku nikakuta mapenzi ya aina nyingine. Nimeona watu wamepanga foleni kwenye theluji ili wakatazame saa mbili za maisha ya mzee anayechimba visima. Nimeona filamu ya kituo cha basi, kituo tu, na watu wanaoshuka na kupanda, na ukumbi umejaa hadi wengine wameketi kwenye ngazi. Filamu ikiisha hawakimbilii makoti. Wanabaki wanamuuliza mtengenezaji: yule mama mwenye kikapu, mguu wake ulipona? Mimi niliyeishia kidato cha nne niliketi kati ya watu hao, na hakuna aliyeniuliza nimesoma wapi. Kama kuna jambo ninalolisifu huku bila kusitasita ni hilo, subira ya kumtazama mtu usiyemjua mpaka amalize kusema.

Brussels nimekaa muda mrefu kuliko kwingine. Nimepanga chumba karibu na Gare du Midi, ambako Jumapili naamshwa na wauza zeituni wanaopanga meza zao chini ya dirisha. Kila mwaka najitolea kwenye tamasha dogo la filamu, katika ukumbi uliokuwa gereji, nyuma ya maghorofa ya ofisi ya Gare du Nord. Kazi yangu ni kukaa mlangoni, kuchana tiketi na kuwaelekeza watu choo kilipo.

Jumapili ninayotaka kuisimulia, filamu ya mchana ilikuwa ya dada mmoja aliyezaliwa Kongo na kukulia hapa. Alikuwa amemfuata mama yake na kamera hadi mji wa migodi kule Katanga, kumwona dada mkubwa wa mama huyo, ambaye hakuwahi kuhama. Kiswahili chake yule binti kilikuwa cha kuokoteza. Kifaransa ndicho alichoota nacho.

Mama mwenyewe alifika kwa tramu kutoka Uccle, moja kwa moja kutoka kanisani, kitenge cha bluu chini ya koti zito na kilemba kirefu kuliko mlango wetu. Akasimama mbele yangu.

"Bonjour, papa. Ni hapa banaonyesha sura yangu?"

"Ni hapa, mama. Karibu sana, pita ndani."

Akanitazama kutoka viatu hadi nywele. "Weye unatoka wapi na hiyo Kiswahili ya kuvaa kravati?"

"Tanzania, mama. Tanga," nikasema, mimi nisiyemiliki hata tai moja.

"Aa, njo maana. Kwenu muntu anasema karibu kama anasoma habari ku redio."

Binti yake akatokea ndani. Mama hakumbusu hata shavu. Akamshika bega.

"Alors, mutoto, sikia bien. Mi naangalia pamoja na bantu. Kama naona haya, unanitosha. Unasikia? Unanitosha mule mwote."

Akaingia kutafuta kiti. Mimi nikamwambia binti kwamba amebarikiwa, maana ni akina mama wachache wanaowaambia watoto wao kwamba wanawatosha. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kuchekesha msibani.

"Hapana, tonton. Kwetu kutosha ni kuondoa. Kutosha kitu. Enlever. Anasema, kama anaona aibu, nimwondoe kwenye filamu."

"Na wewe umekubali?"

"Nilimwahidi kule kule, siku ya kwanza ya kamera. Bila ahadi hiyo hakutaka."

"Ukimwondoa itabaki nini?"

"Nyumba ya mama mkubwa na kuku," akasema. "Yeye ndiye filamu."

Nikafunga mlango nikaingia nyuma yao. Mama aliniona, akapiga kiti cha jirani kwa kiganja. "Kravati, kaa hapa. Kama nalia, unanipa mouchoir." Mbele yetu, safu ya kwanza, alikaa msichana wa Mombasa anayesoma hapa chuo kikuu. Yeye ndiye aliyeandika tafsiri ya Kifaransa iliyopita chini ya picha. Alitumiwa sauti kwa kompyuta, akatafsiri chumbani kwake, na kazi ilirudi asubuhi ile ile, binti asipate nafasi ya kuisoma. Yeye na mama walikuwa hawajawahi kuonana.

Filamu ikaanza taratibu. Mama anashuka kwenye gari. Dada yake anamtazama, hamsalimii, anaendelea kupepeta unga, kisha anatupa ungo na kuanza kulia. Kando yangu mama alitoa sauti kooni, lakini hakuomba kitambaa. Alipojiona akivuka barabara aliniegemea. "Angalia vile natembea. Kama bata! Na hakuna muntu aliniambia, myaka yote." Watu wa safu ya nyuma wakacheka naye, hata wasiojua lugha. Nilimchungulia binti aliyesimama ukutani. Alikuwa hatazami filamu yake, alikuwa anamtazama mama yake.

Kisha tukafika kwenye ukuta. Nyumba ya dada mtu ilikuwa imepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kama zinavyopigwa kwetu nyumba zilizo kwenye hifadhi ya barabara. Kampuni ya mgodi iliutaka mtaa mzima. Mama anasimama kando ya alama ile, anaigusa kwa kidole, anageukia kamera na kusema polepole: "Bantu ba kampuni banatutosha. Tulizaliwa hapa, tulizikana hapa. Leo banatutosha."

Na chini yake, kwa herufi nyeupe, kwa Kifaransa safi: watu wa kampuni wanatutosheleza. Tulizaliwa hapa, tulizikana hapa. Leo wanatutosheleza.

Kama nisingelisikia neno lile mlangoni, ningesoma na kutikisa kichwa, nikasema, basi, wameridhika. Mama anasoma Kifaransa vizuri kuliko mimi. Alisimama, na kivuli cha kilemba chake kikafunika ukuta, X na yeye mwenyewe.

"Stop! Mi sikusema ile! Musimamishe!"

Mwendesha mashine akasimamisha. Taa zikawaka. Ukumbi mzima uligeuka, na hakuna aliyenung'unika. Binti alikuja mbio kati ya viti.

"Maman, tafadhali, kaa. Tutasema nyuma ya filamu."

"Nyuma? Nyuma bantu bamekwisha kwenda kwabo na uongo mu kichwa!"

Msichana wa Mombasa aliinuka, akageuka na kutukabili. Angeweza kukaa kimya, maana hakuna aliyemjua. "Mama, shikamoo. Ni mimi niliyetafsiri. Sorry sana. Nilisikia wanatutosha, na kwetu kutosha ni... kutosha."

"Yaya yangu banamunyang'anya nyumba," mama alisema, akimaanisha dada yake mkubwa, "na weye unaandika ameshiba?"

Msichana akafunika mdomo. Machozi yakamlenga, na mama alipoyaona sauti yake ikashuka. "Bon. Usilie, mutoto. Haiko weye. Ni hiyo Kiswahili yenu, banaipiga pasi mpaka inasahau."

Binti akawaeleza watu kwa Kifaransa kilichotokea. Nilidhani wataomba radhi, taa zitazimwa na filamu itaendelea. Katika miji mingine nimeona hivyo. Lakini bibi mmoja mwenye miwani mizito aliinua mkono kama mwanafunzi akauliza: kwa hiyo, madame, tuandike neno gani?

Sijawahi kuuona ukumbi wa namna ile. Mtu mmoja alisema *chasser*, kufukuza. Mama akakataa. "Chasser ni ya mbwa. Na bale habakutufukuza, bale balikuja na suti na bonjour." Mwingine akasema *expulser*, kumtoa mtu nchini. "Ile ni ya muntu hana papiers. Yaya iko na papiers yote." Kijana wa nyuma akajaribu *déplacer*, kuhamisha. Mama akakisogeza kiti kilichokuwa mbele yake, kikakwaruza sakafu. "Voilà déplacer. Kiti kinalia? Hakilii." Watu wakacheka, na yeye akacheka, kisha akasimama akiwa ameshika mgongo wa kiti kile. Niliona anaanza kuchoka. Akamwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Kama Kifaransa haina neno, unanitosha tu. Sitaki kusimama pale nasema uongo."

Binti alikuwa na ahadi, na hakuwa na neno.

Ndipo mzee mmoja wa Kibelgiji, padri mstaafu aliyeishi Katanga miaka mingi, akasema kutoka kwenye kona, kwa Kiswahili cha huko huko: "Maman, sisi tunasema kutosha jino."

"Njo ile, mon père! Jino!"

"Kifaransa, jino ni *arracher*."

Mama alilirudia neno lile la kung'oa mara kadhaa kwa sauti ndogo, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Msichana wa Mombasa alikuwa tayari amefungua kompyuta magotini.

"Arracher," mama alimuuliza padri. "Damu iko ndani?"

"Iko ndani, maman."

"Na shimo inabaki?"

"Inabaki."

Akaketi. "Bon. Muendeleshe."

Mwendesha mashine akarudisha picha nyuma kidogo. Ukuta ukaja tena, kidole kikagusa rangi tena, na maandishi yakapita yakiwa bado na kosa lile lile, maana hayangeweza kubadilishwa pale pale. Lakini bibi wa miwani alitamka neno jipya kwa sauti, na wawili watatu wakalitamka baada yake, na mama kando yangu akaitikia, "Oui. Vile vile." Kitambaa aliniomba baadaye kabisa, pale dada wale wawili walipoosha vyombo. Yeye na yaya yake tu, na maji.

Filamu ilipokwisha tulitoka hadi sebuleni, ambako kulikuwa na chai na maandazi. Binti alimfuata mama yake kila alikokwenda, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Mama alimaliza andazi la kwanza, akachukua la pili.

"Alors, maman?"

"Pale nakula bugali na kinywa wazi, ile unatosha. Ile ni haya kabisa."

"Na kwingine?"

"Kwingine naachwa mule." Akafuta sukari kidevuni. "Lakini jino kwanza. Kabla hamujaandika jino, haionyeshwi ku muntu."

Binti aliinama akaweka paji la uso kwenye bega la koti lile zito. Mama alimwacha hapo akaendelea kula juu ya kichwa chake. Mwanamke mmoja aliyekuja kuchagua filamu za tamasha la Lisbon alikuwa amesimama kando, akingoja nafasi ya kusema. Alipoipata akasema anaitaka filamu hii, na mama alinigeukia.

"Kravati, weye muntu wa kutembeatembea. Kule Lisbonne banasema luga gani?"

"Kireno, mama."

"Kireno sijue hata kimoja." Akafikiri, akitafuna. "Donc nakwenda na filamu. Muulize huyu madame kwa Kireno jino banasema je."